Tibu ya maji: PCR kwa wanafunzi wa labo

BAHATI: Jambo Bukavu, jambo wote mnaotusikiliza kwa simu. Leo ni PCR, ile njia ya labo ya kutoa kopi mingi za kipande kimoja cha DNA, maandishi ya urithi, ili kutambua ugonjwa, juu wanafunzi wa labo wametuomba sana. Yaya Furaha, mutu asiyejua kitu unamuanzia wapi?

FURAHA: Namuanzia kwa fotokopi. Uko na kitabu kikubwa, kurasa mingi, na unataka mustari moja tu. Unaweka primeri mbili, vipande vifupi vya DNA, herufi kama 20 hivi, moja inashika huku, ingine kule, mustari wako unabaki katikati. Mashini inapanda mpaka digrii 95, kamba mbili za DNA zinaachana, inashuka kama 55 ao 60 primeri zinashika, inapanda tena 72 enzaimu, ile protini inayofanya kazi ya kuandika kopi, inajaza herufi. Kila muzunguko kopi inajizidisha mara mbili, sasa piga hesabu: mizunguko 30 na kipande kimoja kinapita bilioni moja, kama yote imeenda muzuri.

BAHATI: Na ile enzaimu haiivi kwa 95?

FURAHA: Yai ukichemsha hairudi tena mubichi, na enzaimu mingi ni vile vile. Lakini hii, Taq, ilitoka kwa bakteria Thermus aquaticus, wa chemchemi za moto za Yellowstone kule Marekani. Moto ndiyo nyumbani kwake.

BAHATI: Sasa tupe ile hadisi yako ya tibu ya maji.

FURAHA: Eh, ile iliniuma. Nilikuwa ningali mwanafunzi, tibu nane, vichupa vidogo vya labo, kwenye barafu, saba za wagonjwa, ya nane maji safi tu. Maji haina DNA, inapaswa kunyamaza. Nikaangalia jeli, pale kopi zinaonekana kama mistari tunayoita bendi, tibu zote nane ziko na bendi! Maji pia! Niliketi chini. Kumbe asubuhi nilifungua tibu za PCR ya jana pale pale kwenye meza, na ile bilioni ya kopi, hata tone dogo ambalo jicho haioni, linajaza pipeti, kile kifaa cha kuvuta matone, glovu, kila kitu. Nilitupa kazi ya siku mbili.

BAHATI: Huwezi kuchukua zile saba tu?

FURAHA: Hapana! Maji ikisema ndiyo, hakuna mgonjwa hata moja unaweza kumwamini. Ndiyo sababu chumba cha kutayarisha na chumba cha kufungulia kopi vinatengana, na pipeti ya huku haivuki kwenda kule, hata kama mkubwa wa labo ana haraka.

BAHATI: Na kama ni kinyume, ugonjwa uko lakini PCR inanyamaza?

FURAHA: Hiyo tuliiona hapa kwetu Kivu ya Kusini, Kamituga. Mwisho wa 2023, mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, ilianza kuenea kule kwenye machimbo ya dhahabu, na jaribio ya jumla ilishika virusi, lakini ile ya kutafuta kladi I peke yake, tawi moja la virusi hivyo, ilinyamaza. Watu wakasoma genomu yote, maandishi yote ya virusi, wakaona virusi vimepoteza kipande cha zaidi ya herufi 1.000, na primeri zilikuwa zinatafuta pale pale! Ni kama kutuma mutu akutafutie nyumba ambayo imebomolewa. Leo tunaiita kladi Ib.

BAHATI: Kumbe mashini haikukosea.

FURAHA: Ilijibu swali uliyoiuliza. Primeri ni swali. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi, musikariri tu digrii, mujue primeri yenu inashika geni gani, kipande gani cha DNA.

BAHATI: Na kama shida ni sampuli yenyewe, kipamba hakikushika kitu?

FURAHA: Unaweka swali ingine ndani, unatafuta geni ya mutu mwenyewe, kama ile ya RNase P. Kila mgonjwa anayo. Ikinyamaza hata hiyo, usiandike negatifu, hiyo sampuli haina jibu. Mpigie simu muuguzi achukue ingine, na upige leo leo, juu wale wa machimbo kesho asubuhi wamesharudi shimoni.