Kesho Una Kesi Saa Ngapi?

MASANJA: Msikilizaji, karibu tena. Mimi Masanja, wakili wa kujitegemea, na leo mwenzangu hapa, dada Zuhura, ndiye nitakayemhoji. Ni mshauri nasaha, na kabla ya kurudi Dar alikaa Marekani miaka minne akipokea simu za mawakili waliozidiwa. Shikamoo, dada.

ZUHURA: Marahaba. Lakini usinizeeshe hewani.

MASANJA: (anacheka) Nikisikia programu ya kusaidia mawakili, picha inayonijia ni watu wamekaa duara wameshikana mikono.

ZUHURA: Duara lipo, ila hilo ni la jioni. Mchana ni simu. Kule kila jimbo lina utaratibu wake wa namna hii. Anapiga wakili, jaji, hata mwanafunzi wa sheria. Pombe, vidonge, kamari, sonona, mtu kafiwa na mwenzi wake na sasa hawezi hata kufungua barua. Na mara nyingi anayepiga si mwenye tatizo. Ni mke, au karani wa ofisi. Au ni yeye mwenyewe, lakini anaanza, "Nina rafiki yangu mmoja..."

MASANJA: Rafiki tena!

ZUHURA: Huyo rafiki tunamjua wote. Unamwacha asimulie habari za rafiki yake dakika ishirini nzima, humkatishi.

MASANJA: Halafu ndiyo unauliza anakunywa chupa ngapi.

ZUHURA: Thubutu! Ukiuliza hivyo keshakata simu. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Kesho una kesi saa ngapi?"

MASANJA: Kwa nini hilo?

ZUHURA: Kwa sababu ndilo linalomnyima usingizi. Amekaa kwenye gari nje ya mahakama, mikono inatetemeka, majalada yako kiti cha nyuma hajayagusa wiki tatu. Ukimwambia aende hospitali atakujibu, nani atasimama mbele ya jaji? Basi unatafuta wakili wa kujitolea, na mwenye shida akiridhia, huyo anakwenda kumwombea tarehe nyingine. Mzigo ukishuka hapo, ndipo anasikia la daktari. Na daktari ni lazima. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla, arosto yake inaweza kumtia degedege, inaweza kumuua. Usimfungie chumbani ukamwambia ajikaze.

MASANJA: Hao wa kujitolea wanatoka wapi?

ZUHURA: Wengi ni mawakili waliopita humo humo. Ana miaka kumi hajagusa kilevi, anakwenda kunywa kahawa na mwenzake. Nilichokisoma mimi darasani hakimfikii wakili mwenye kiburi. Na nyinyi mna kiburi, kaka, nisamehe.

MASANJA: Wasomi wewe! Tumefundishwa kutokuonyesha udhaifu, maana upande wa pili unakutazama. Ila takwimu zenyewe zinasemaje? Au ni hadithi za baa?

ZUHURA: Mwaka 2016 ulitoka utafiti mkubwa wa chama cha mawakili wa Marekani pamoja na Hazelden Betty Ford, taasisi ya kutibu uraibu. Waliulizwa mawakili wapatao 12,800. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na unywaji wa hatari, na asilimia 28 walikuwa na dalili za sonona. Kilichonishtua mimi, walioongoza kwa pombe si wazee. Ni wale wa miaka kumi ya kwanza kazini.

MASANJA: Vijana wenyewe!

ZUHURA: Vijana. Halafu walipoulizwa nini kinawazuia kutafuta msaada, jibu kubwa lilikuwa woga wa kujulikana. Kwa hiyo ukiniuliza programu inasimama juu ya nini, si dawa wala washauri. Ni siri. Siri ikivuja mara moja tu, funga ofisi, hakuna atakayepiga tena.

MASANJA: Hapo ngoja nikubane kidogo. Kanuni za kule si zinamtaka wakili amripoti mwenzake akiona utovu mkubwa wa maadili? Sasa wewe umesikia kila kitu.

ZUHURA: Ndiyo maana wakajenga ukuta. Kwenye kanuni za mfano za chama chao, ile ya 8.3 inayolazimisha kuripoti ina kifungu kinachosema wajibu huo haugusi alichokijua wakili ndani ya programu iliyoidhinishwa. Yaani yule wa kujitolea anaweza kukaa na mwenzake usiku kucha akiambiwa yote, asubuhi hana wajibu wa kwenda kumshtaki. Sisi mpaka ofisi tuliipangilia. Mlango haukuwa na kibao. Tulipanga ghorofa moja na daktari wa meno, ukikutwa kwenye lifti, unauguza jino.

MASANJA: Mji mzima unaumwa meno! Lakini mteja wangu atauliza, pesa yangu aliyokula huyo wakili je? Nayo ni siri?

ZUHURA: Hapana. Kutibiwa hakufuti kosa. Kama kaingiza mkono kwenye akaunti ya wateja, mashtaka ya nidhamu yako palepale, na kule wanafutwa uwakili kwa hilo kila mwaka. Sisi hatumtetei, wala hatumchomi.

MASANJA: Na wale wanaoletwa na kamati ya nidhamu kwa nguvu?

ZUHURA: Hao wanaingia kwa mlango mwingine. Anatia saini mkataba, miaka kadhaa, anapimwa mkojo bila kuarifiwa siku, ana wakili wa kumfuatilia. Anaridhia kwa maandishi kwamba tutatoa taarifa kama anatimiza masharti. Kosa ni kuichanganya milango hiyo miwili. Aliyekuja kwa hiari akihisi faili lake liko kabati moja na la aliyeshtakiwa, ataondoka, na mimi singemlaumu.

MASANJA: Nani analipia yote haya?

ZUHURA: Kwingi ni sehemu ya ada ya leseni. Jimbo la Oregon wananifurahisha, programu yao inaendeshwa na mfuko wa bima ya mawakili. Wamepiga hesabu, wakili aliyelewa akipitwa na muda wa kufungua rufaa, mteja atashtaki, bima italipa. Afadhali walipie ushauri.

MASANJA: Sasa tuje nyumbani. Watu wa TLS, chama chetu cha mawakili, wakikuita kesho?

ZUHURA: Nitawaambia wasianze na jengo. Waanze na simu moja, na mawakili sita waliopona wanaoweza kunyamaza. Soba hausi, nyumba za kuachia uraibu, tunazo, Muhimbili wanatoa methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, tangu 2011, watu wa kutibu wapo. Na waandike kabisa kwenye kanuni kwamba simu hiyo haina njia ya kufika Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu. Tena kwetu kuna jingine, kujaribu kujiua ni kosa la jinai kwenye kanuni ya adhabu, kifungu cha 217. Mwanasheria anakijua kifungu hicho kwa moyo. Unadhani ataniambia anachokiwaza saa nane usiku?

MASANJA: (kimya kidogo) Dada, unajua mimi nilianzia kwenye ofisi fulani, sitaitaja. Mzee wetu pale, mwenye akili nyingi kuliko sisi wote, mwaka ule aliugua malaria mara kumi na moja.

ZUHURA: Malaria ya chupa.

MASANJA: Nilikuwa naandika barua mimi. "Wakili msomi anaumwa malaria, tunaomba kesi iahirishwe." Mpaka nikaitunza kwenye kompyuta, nabadilisha tarehe tu. Asubuhi nilimkuta amelala kwenye kochi na viatu, namfunika koti, nafunga mlango, naelekea mahakamani.

ZUHURA: Mkewe alijua?

MASANJA: Alikuwa ananipigia usiku. Ananiuliza, "Mwanangu, leo kala?"

ZUHURA: Na wewe ukikata hiyo simu, ulikuwa unampigia nani?

MASANJA: Karani wa mahakama. Kuomba tarehe.