Tuzo ya Booker Imekwenda kwa Kikannada, Kiswahili Lini?

Hamjambo ndugu zangu, niko London. Jengo hilo nyuma yangu, lenye bomba refu la moshi, ni Tate Modern, kando ya mto Thames. Zamani lilikuwa kituo cha kufua umeme. Humo ndani, usiku wa tarehe 20 Mei 2025, mama mmoja Mhindi alitangazwa mshindi wa International Booker, tuzo ya vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Anaitwa Banu Mushtaq, wakili wa mji wa Hassan, jimbo la Karnataka, kusini mwa India.

Wahindi na tuzo, wengi tunamjua mshairi Tagore na Nobel yake ya fasihi ya 1913. Leo mjueni na mama huyu. Alipokuwa na miaka minane, baba yake alimpeleka shule ya wamishonari iliyofundisha kwa Kikannada, lugha ya jimbo hilo lakini isiyokuwa ya nyumbani kwao. Wakampokea kwa sharti: ndani ya miezi sita awe anaisoma na kuiandika. Siku chache tu, mtoto kashaanza kuandika! Na Kikannada hichohicho ndicho kilichomfikisha hapa, kwa hadithi fupi 12 za maisha ya wanawake wa Kiislamu wa kwao, alizoziandika kati ya 1990 na 2023. Kabla yake, hakuna mkusanyiko wa hadithi fupi uliowahi kuipata tuzo hii.

Sasa sikilizeni kilichonileta hapa na baridi hii. Pauni 50,000 za tuzo hii zimegawanywa nusu kwa nusu, yeye na mfasiri wake, Deepa Bhasthi. Nusu nzima kwa mfasiri! Na Deepa maneno ya Kikannada, Kiurdu na Kiarabu kayaacha humohumo ndani ya Kiingereza, bila herufi za mlazo, bila tanbihi. Msomaji ajikaze, kama sisi tulivyojikaza na vitabu vya Kiingereza shuleni.

Tunaye mwandishi Gurnah wetu wa Zanzibar, Nobel ya fasihi ya 2021, na moyo wangu bado unafurahi. Lakini anaandika kwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis ndiye aliyemrudisha nyumbani kwa tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi. Wanaovuka kutoka Kiswahili kuja huku ni wachache mno, na inaniuma, maana tuzo hii haichagui lugha. Inataka kitabu cha riwaya au hadithi fupi kiwe kimetafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Uingereza au Ireland.

Niandikieni hapo chini: mfasiri akiniuliza kesho aanze na hadithi ipi ya Kiswahili, nimtajie ya nani?