Injini iliyodumu kuliko gari lake: mhadhara kuhusu BMW M1

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Na nyinyi vijana wa gereji, hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua Jumamosi mchana ndiyo saa ya wateja.

Kabla sijataja gari lolote, naomba kijana mmoja aje hapa. Wewe mwenye ovaroli ya bluu, njoo. Shika hii nondo katikati. Nimeifunga mawe ya mizani ya kilo tano, moja kila ncha. Sasa izungushe upesi kushoto, halafu kulia, kama unavyokata usukani. Mnaona kiwiko kinavyohangaika? Haya, tuyasogeze mawe yote mawili mpaka yaguse ngumi yake. Zungusha tena. Uzito ni uleule, kilo kumi hazijapungua hata chembe, lakini nondo sasa inamtii. Ahsante, kaa.

Hiyo ndiyo siri ya injini ya katikati. Injini ni kipande kizito kuliko karibu vyote ndani ya gari. Ukiiweka nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, kama kwenye Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, umefunga jiwe kwenye ncha ya nondo. Ukiiweka kati ya ekseli mbili, nyuma ya mgongo wa dereva, pua ya gari inaingia kwenye kona mara tu anapogusa usukani. Lakini kinachoanza kuzunguka kwa wepesi, hata kikiteleza kinazunguka kwa wepesi. Tako la gari kama hilo likishaponyoka, muda wa kulirudisha ni mfupi mno. Ndiyo maana nasema kila siku kwamba gari la injini ya katikati linampa dereva hodari uwezo mkubwa na linampa dereva mzembe adhabu ya haraka.

Na msidhani jambo hili ni la matajiri tu. Wengi wenu mmewahi kufungua Toyota Estima ya mwanzo, ile ya miaka ya 1990. Injini iko wapi? Chini ya viti, kati ya ekseli mbili, imelazwa ubavu kwa nyuzi 75. Wajapani walitaka sakafu yenye nafasi kwa familia. Wajerumani ninaowasema leo walitaka kushinda mashindano.

Wajerumani hawakuanza jana. Mwaka 1934 kampuni ya Auto Union iliingia kwenye Grand Prix na gari alilolibuni Ferdinand Porsche, lenye silinda 16 nyuma ya dereva. Mwaka 1953 ikaja Porsche 550, ndogo na nyepesi. BMW wao walibaki na desturi yao: injini mbele, magurudumu ya nyuma yanasukuma. Mwaka 1972, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Munich, mbunifu wao Mfaransa, Paul Bracq, alionyesha gari jekundu la maonyesho lililoitwa BMW Turbo. Lilikuwa na injini katikati, milango ya kufunguka kwenda juu, na nembo mbili za BMW nyuma, moja kila pembe. Yalitengenezwa mawili tu, kisha likawekwa kando. Zile nembo mbili zikumbukeni, tutazikuta tena.

Mwaka huohuo BMW ilianzisha idara yake ya mashindano na kumkabidhi Jochen Neerpasch, aliyekuwa dereva wa mbio. Gari lao kubwa la mashindano lilikuwa 3.0 CSL, kupe, yaani gari la milango miwili, iliyopunguzwa uzito na kuongezewa mabawa. Ilishinda sana. Lakini katikati ya muongo ule Porsche walileta 935, yenye turbo, mtambo wa kusukumia injini hewa, na Neerpasch akaona wazi kwamba kupe ya barabarani, hata uinyoe namna gani, haitamfikia. Akataka gari litakalozaliwa kwa ajili ya mbio, kisha livishwe namba za barabarani. Gari hilo ndilo M1.

Hapo ndipo kanuni inapoingia, na kanuni hii ndiyo iliyoamua maisha yote ya gari. Ili liruhusiwe kushindana katika Kundi la 4, daraja mojawapo la mashindano ya magari, ilipasa yatengenezwe magari 400 ndani ya miezi 24. Sharti lenyewe linasomeka jepesi.

Mzee hapa anauliza: kwa nini BMW wasiyaunde wenyewe? Swali zuri. Kiwanda cha Munich kilipangwa kwa maelfu ya magari ya milango minne. Huwezi kuusimamisha mstari mzima kwa ajili ya gari unalotaka magari machache tu kwa wiki, lenye chasisi ya mabomba na bodi ya faiba. Hawakuwa na watu wa kazi hiyo. Waliokuwa nao walikuwa Italia, kule Sant'Agata, kwa Lamborghini. Kwa hiyo Lamborghini wakapewa kazi ya kulikamilisha gari na kuliunda. Chasisi ikachorwa na Gianpaolo Dallara, bodi ikachorwa na Giorgetto Giugiaro. Giugiaro akalitazama lile gari jekundu la Bracq na kuzichukua zile nembo mbili za nyuma. Gari zima akalikata kwa mistari iliyonyooka, likawa na kimo cha mita 1.14 tu, yaani mtu mzima akisimama kando yake paa linamfikia chini ya kifua.

Kisha fedha za Lamborghini zikayumba. Magari machache ya majaribio yalikuwa yameshatembea, lakini kiwanda kilikuwa kinaelekea kufilisika, na mwaka 1978 BMW ikavunja mkataba. Sasa fikirieni hali ilivyokuwa: michoro ipo, injini ipo, na kiwanda hakipo.

Waliolinusuru ni mafundi. Wahandisi waliokuwa wametoka Lamborghini walijikusanya wakamalizia kazi ya ufundi iliyobaki. Uundaji ukagawanywa hivi: fremu ya mabomba ya chuma ilichomelewa Modena kwa Marchesi. Bodi ya faiba ilimwagwa katika karakana nyingine, Reggio Emilia. Vyote viwili vikapelekwa Torino kwa Italdesign, kampuni ya Giugiaro, wakaunganisha bodi na fremu, wakapaka rangi, wakaweka viti na dashibodi. Hapo gari likapakiwa kwenye lori, likavuka Milima ya Alps hadi Stuttgart, kwa kampuni ya Baur, wakafunga injini, giaboksi, breki na miguu. Mwisho likaenda Munich, idara ya mashindano ikalikagua na kulitia barabarani. Gari moja, miji mitano, nchi mbili. Kila kituo kilikuwa na watu waliobobea katika kazi yao, na ubora wao unaonekana mpaka leo ukiyatazama magari yaliyobaki. Kila kituo pia kilikuwa na foleni yake. Magari 400 kwa miezi 24 yakawa ndoto.

Sasa tufungue boneti ya nyuma, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Injini inaitwa M88. Silinda sita zimepangwa mstari mmoja, zimesimamishwa kwa urefu wa gari. Bloki ni ya chuma, ya ukoo wa injini kubwa za kawaida za BMW. Kipenyo cha silinda ni milimita 93.4, mwendo wa pistoni ni milimita 84. Pigeni hesabu mtapata cc 3,453. Silinda hedi yake imetokana na ile ya CSL ya mashindano: kamshafti mbili juu, zile fimbo zenye kemu za kufungua vali, zinazozungushwa kwa cheni, na vali nne kwa kila silinda, jumla 24. Leo vali nne ni jambo la kawaida hata kwenye gari la kubebea mboga. Mwaka 1978, kwenye gari la barabarani, ilikuwa nadra. Faida yake mnaijua: matundu mawili madogo yanapitisha hewa nyingi kuliko tundu moja kubwa, na vali nyepesi inafuata kemu bila kuchelewa hata injini ikipiga mizunguko mingi.

Kila silinda ina mlango wake wa hewa. Petroli inasukumwa na pampu ya mekanika ya Kugelfischer. Ninyi wa dizeli mtaielewa upesi, kwa sababu inagawa mafuta kwa kipimo kwa kila silinda kama pampu ya nozeli. Sampu ni kavu. Oili haikai chini ya krenki, inafyonzwa na kuhifadhiwa kwenye tangi lake pembeni. Kwa nini? Kwanza, gari likikata kona kali oili haikimbilii upande mmoja na kuiacha pampu inavuta upepo. Pili, ukiondoa karai la oili chini unaweza kuishusha injini nzima, na uzito ukiwa chini gari halilali kwenye kona.

Vyote hivyo vilitoa nguvu za farasi 277 kwa mizunguko 6,500, bila turbo. Gari lilikuwa na uzito wa kilo 1,300 hivi. Lilitoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zisizofika sita, na mwendo wake wa juu ulivuka kilomita 260 kwa saa. Mshindani wake nyumbani, Porsche 911 Turbo ya lita 3.3, alihitaji turbo na nguvu 300 kufika mwendo wa namna hiyo. Giaboksi ni ya ZF, gia tano, na gia ya kwanza iko kushoto chini, ili ya pili na ya tatu zikabiliane kwenye mstari mmoja, kwa kuwa hizo ndizo dereva wa mbio anazobadilisha bila kupumzika. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini.

Niliwahi kulisogelea moja, kwenye maonyesho. Nilipiga goti kulitazama, na kitu kilichonishangaza ni utulivu wa umbo lake. Halina madoido. Waliolijaribu enzi zile walisifu jambo hilohilo barabarani: linatii, halimtishi dereva, kiti na pedali viko mahali panapoeleweka. Wakati ule magari mengi ya injini ya katikati yalikuwa yanampika dereva kwa joto na kumvunja mgongo.

Lilionyeshwa Paris mwaka 1978. Lakini magari hayakuwa yametimia, kwa hiyo mlango wa Kundi la 4 ulikuwa bado umefungwa. Neerpasch, pamoja na Max Mosley, mwanasheria Mwingereza wa mambo ya mbio, wakabuni njia nyingine: kama hatuwezi kuingia kwenye mashindano ya wengine, tutaanzisha yetu. Yakaitwa Procar. Yalifanyika Ulaya, mengi yake kwenye wikendi za Grand Prix, magari yote yakiwa M1 yaliyopandishwa hadi nguvu 470 hivi. Madereva watano waliokuwa na kasi zaidi kwenye mazoezi ya Formula 1 walipewa magari ya kiwanda na kuanzia mbele. Nyuma yao wakajipanga madereva wa timu binafsi, wenye hamu kubwa ya kumpita bingwa wa dunia akiwa kwenye gari sawa na lao. Mwaka 1979 bingwa akawa Niki Lauda, mwaka 1980 Nelson Piquet. Mwaka huohuo wa 1979, gari moja lilipakwa rangi na msanii Andy Warhol, kwa brashi na vidole vyake mwenyewe, kwa muda usiofika nusu saa, likaenda kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, na kumaliza la sita kati ya yote.

Kibali cha Kundi la 4 kilipatikana mwishoni mwa 1980. Mei 1981, Hans-Joachim Stuck na Piquet walishinda mbio za kilomita 1,000 za Nürburgring kwa M1 iliyoandaliwa na Peter Sauber wa Uswisi. Ushindi ule haukuwa na shangwe. Mbio zilikatizwa baada ya dereva Herbert Müller kufariki katika ajali. Mwaka 1982 kanuni zikabadilika, daraja jipya la Kundi C likaja na magari ya aina nyingine kabisa, na BMW ikapeleka fedha zake Formula 1. Magari yote ya M1 yaliyotoka yalikuwa takribani 450. Gari lililosubiri ruhusa ya kushindana lilipoipata, mashindano yenyewe yalikuwa yanafungwa.

Watu wengi husimulia mpaka hapo na kuliita gari la bahati mbaya. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu iko kwenye vipimo. Katikati ya miaka ya 1980 injini ya M88, ikiwa na mfumo wa umeme wa kupuliza petroli na nguvu 286, ilifungwa kwenye kupe ya M635CSi, kisha kwenye M5 ya kwanza, gari la milango minne ambalo mtu aliendesha kwenda kazini. Halafu BMW ikataka injini ndogo ya silinda nne kwa gari dogo la mashindano. Paul Rosche, mkuu wa injini, hakuanza na karatasi nyeupe. Alichukua silinda hedi ya ile sita, akakata kwa msumeno vyumba viwili vya mwisho, akafunga kibamba kwa bolti kuziba upande ulioachwa wazi. Ndivyo ilivyoanza injini ya M3 ya 1986, gari ambalo mwaka uliofuata Roberto Ravaglia alichukulia ubingwa wa dunia wa magari ya kawaida.

Andikeni kipenyo cha silinda ya M3 ile: milimita 93.4. Mwendo wa pistoni: 84. Mgeukie ukurasa wa nyuma mlinganishe na mlivyoandika nusu saa iliyopita.

Haya, maswali. Na nondo iko hapa mezani. Anayetaka kuijaribu kwa mkono wake mwenyewe, aje.