Zebaki Haingoji Maabara

Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za mwaloni mkaja.

Chupa hizi mbili nimeteka asubuhi hapa Kirumba, Mwanza, nikachuja maji yasiwe na ukijani wa ziwa. Moja nimeitia zebaki kidogo. Ni ipi? Naona mnatazamana. Macho, pua na ulimi, hakuna kinachosaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila risasi na arseniki hubaki sufuriani, na maji yakipungua ndiyo kwanza hukolea.

Sasa nazidondoshea dawa hii, nyekundu kama juisi ya rozela. Wekundu huo ni dhahabu, ya chembe zenye upana wa nanomita 13 hivi. Elfu kadhaa zingepangwa kwenye upana wa unywele mmoja. Zikitawanyika, maji huwa mekundu. Zikisongamana, hugeuka zambarau, kisha bluu. Kila chembe tumeivisha nyuzi fupi za DNA zenye kitu kiitwacho thaimini. Zebaki huingia kati ya thaimini mbili ikazibana, na chembe zikavutana. Wenzetu wachimbaji wa Geita hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Sisi tunaikamata zebaki kwa dhahabu. Chumvi ikizidi nayo hugeuza rangi, ndiyo maana sipimi bila chupa ya pili ya kulinganisha.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 6 za zebaki kwa lita ya maji ya kunywa, na 10 za risasi. Kwa kiasi hicho jicho tupu halitoshi. Unahitaji taa ndogo upande huu na kihisi cha mwanga upande ule, kisome mwanga uliopenya.

Kwa nini nihangaike, na maabara zipo? Zamani nilibeba sampuli kwenye chupa za plastiki za dukani. Siku mbili baadaye, zebaki niliyoitia kwa mkono wangu ilikuwa imepungua: imenata kwenye kuta za chupa! Wangapi tumewaambia maji yao ni salama kwa namna hiyo? Linaniuma mpaka leo. Sasa nateka kwa kioo na kupima palepale ufukweni. Yenye dalili ndiyo yaende maabara.

Na maji yakiwa safi, tope bado. Humo vijidudu huigeuza zebaki kuwa sumu inayopanda kutoka kwa dagaa hadi kwa sangara. Watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao uliotambuliwa 1956 ulitokana na samaki wenye sumu hiyo. Kwa hiyo naomba wenye mitumbwi mnipeleke mdomo wa mto Mirongo nichote tope.

Haya, ya kushoto imeanza kuwa zambarau. Sogeeni muione.