Tukatae Kukata Ploti: mazungumzo na wapangaji wa Manyatta, Kisumu

Haya, oyawore. Mnaitika kama watu hawajakunywa chai. Hao wamesimama mlangoni wakaribie huku mbele, hakuna mtu atachangishwa kitu leo, tunaongea tu habari ya kopareti, yaani ushirika wa nyumba.

Mimi nimepanga hapa Manyatta miaka mingi, na kuna mwaka landilodi wetu alipandisha kodi mara mbili, tukagoma, asubuhi moja tukasikia kelele juu, kumbe ni fundi anatoa mabati na watoto wako ndani wanakunywa uji. Tulikuwa nyumba kumi na mbili. Jioni hiyo tukiwa nje na vitu vyetu jamaa mmoja akatoa kalamu, tukajumlisha kodi zote tumewahi kulipa pale, tukaona tumeshamjengea huyo mzee ploti nzima na choo juu. Sijawahi kusahau hiyo hesabu.

Sasa ukisema kopareti ya nyumba watu wanawaza ile tumezoea, tunachanga, tunanunua shamba kule Kibos, tunakata ploti za futi hamsini kwa mia, kila mtu na taito yake, ile hati ya ardhi. Sio mbaya. Lakini rudi pale baadaye uone ni nani bado yuko. Mmoja aliuza akalipa fizi, mwingine aliuza akazika mzazi, na mwenye kununua ni yule yule landilodi, mtoto wako anaenda kupanga kwake. Mimi naongea kitu kingine. Taito inabaki moja, jina la kopareti, hakuna kukata, na sisi wenye nyumba ndio wapangaji. Unaingia na hisa, ukihama unarudishiwa hisa yako, nyumba huuzi. Kura ni moja moja, hata kama jirani ana Probox tatu.

Zurich kule Uswisi wamefanya hivi zaidi ya miaka mia, kodi ni ile ya gharama tu, mkopo, matengenezo na akiba, hakuna wa kula faida, na jiji linawakodishia ardhi kwa lizi ndefu. Mwaka 2011 wenyeji walipiga kura wakakubali kwamba ikifika 2050 theluthi ya nyumba za kupanga ziwe hizi zisizo za faida. (Kicheko.) Najua, mnasema hao ni matajiri. Basi twendeni Uruguay, huko sheria ya 1968 ilifungulia watu mlango, familia zikaanza kujenga kwa mikono yao, mtindo wao ni saa 21 kwa wiki kila nyumba, mama anachanganya simiti baba anabeba mawe au kinyume, na shirikisho la kopareti zao, FUCVAM, liko tangu 1970. Hata sisi Kenya tuna NACHU, muungano wa kitaifa wa kopareti za nyumba, tangu 1979, kwa hivyo msiniambie ni mambo ya wazungu.

Hesabu sasa, na hii ni mfano tu, mafundi msinishike. Tuseme nyumba moja na kipande chake cha ardhi ni 900,000. Wewe unaleta 90,000 polepole kupitia chama, 810,000 tunakopa. Kwa riba ya asilimia 12 miaka 15, unalipa kama 9,700 kwa mwezi. Nani hapa anaweza? Ona, kimya. Lakini pesa hiyo hiyo kwa asilimia 5 miaka 20 inakuwa kama 5,300, ongeza matengenezo, inakaribia 6,000. Matofali ni yale yale, kilichobadilika ni riba na miaka! Ndio maana tukienda kaunti hatuendi kuomba nyumba. Tunataka lizi kwenye ardhi ya umma, kama zile esteti za zamani upande wa Ondiek, na mkopo wa bei nafuu. Mwenye payslip anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi, ile ada ya nyumba za serikali, na mwajiri anaongeza hiyo hiyo, si tuulize nyumba za kupanga ziko wapi, maana si kila mtu anataka kununua.

Na mkopo ukiisha? Landilodi mkopo wake ukiisha kodi haishuki hata bob. Yetu inaweza kushuka, lakini mimi nawasihi isishuke yote, sehemu ibaki iwe dipoziti ya jengo la pili, wale walio kwenye laini Nyalenda na Obunga waingie. Hivyo ndivyo inakua. Siku mtakata ploti, hiyo pesa ya jengo la pili imekufa.

Mama ameuliza, nikifa je? Swali zuri, watu wanaliogopa. Hisa inaenda kwa yule umeandika, na kama anaishi na wewe anaendelea kukaa, lakini hiyo iandikwe kwenye sheria zetu kabla ya tofali la kwanza, sio kwa matanga. Na asiyelipa? Anaitwa na kamati, anasikizwa, anapangiwa kulipa pole pole, akikataa kabisa anatoka na hisa yake ikitolewa deni. Mabati hayaguswi.

Mzee pale nyuma, ulikuwa umeinua mkono.