Dar hadi Mwanza: Hizo Dakika Nyingine Zinakwenda Wapi?

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Vijana, habari za jioni.

Nianze na hesabu ya shule ya msingi. Ukivuta uzi kwenye ramani kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi wa Mwanza, unapata kilomita kama 850. Barabara inazidi 1,100, maana inazungukia Dodoma na Singida, wakati uzi wetu unapita jirani na Babati. Jeti ikishatulia angani huenda kilomita 800 kwa saa na ushee. Gawanyeni. Saa 1 na dakika 4, siyo? Sasa tazameni tiketi: kama saa 1 na nusu. Hizo nyingine kala nani?

Nimesikia mtu huko nyuma anasema "foleni". Hujakosea sana. Saa ya tiketi inaanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, na inakoma ikishasimama kabisa upande wa pili. Kujikokota hadi njia ya kurukia kumo humo, na kusubiri mwenzako atue kumo.

Lakini mlaji mwingine mkubwa ni kupanda na kushuka. Chini ya futi 10,000, kwa kawaida rubani hazidishi noti 250, yaani kilomita kama 460 kwa saa. Na kushuka kunaanza mapema mno. Marubani wana hesabu yao ya kichwani: kila futi 1,000 unazotaka kushuka, tenga maili 3 za baharini. (Ndiyo, za baharini. Anga ilirithi vipimo vya manahodha, na maili yao ni kilomita 1.852.) Kama mko futi 36,000, hizo ni maili 108, sawa na kilomita 200. Yaani wewe ndiyo kwanza unapuliza chai ipoe, rubani ameshaanza kuitafuta Mwanza. Karibu robo ya safari ni kushuka tu.

Ndiyo maana ndege ya pangaboi, inayokwenda kilomita 660 hivi kwa saa, haiachwi mbali kama watu wanavyodhani. Kwenye safari fupi, mwendo wa juu haupati nafasi ya kujionyesha.

Sasa kuna jambo moja linanifurahisha kuliko yote haya. Dar na Mwanza wanatumia saa ileile, ila jua halijui habari hiyo. Mwanza iko magharibi kwa nyuzi 6 na robo, na jua huchukua dakika 4 kwa kila nyuzi moja. Hivyo Maghrib ya Mwanza inachelewa, kwa wastani, dakika kama 25.

Mwezi wa Ramadhani mmoja nilipanda ndege ya jioni, kiti cha dirishani, kushoto. Jirani yangu, mzee wa makamo, alikuwa na tende tatu ndani ya karatasi. Saa yake ikafika Maghrib ya Dar, akafungua karatasi. Akainua macho: jua lile pale, jekundu, linamtazama usoni. Akafunga. Baada ya dakika kumi akafungua tena, akachungulia, akafunga. Ndege inalifukuza jua kwa karibu nusu ya mwendo wa jua lenyewe, kwa hiyo nalo linazama kwa madaha.

Akanigeukia: "Mwanangu, hivi huyu rubani naye kafunga kweli?"