Staata ya Trekta Kuukuu: Pima Kwanza Ndio Ufungue

ZAI: Haya jamani karibuni tena, leo ni trekta tu mwanzo mwisho, najua wengine mko shambani huko Masindi, Bweyale, Lira, mnasikiliza simu iko mfukoni. Fundi Musa, habari ya tangu juzi?

MUSA: Nzuri dada Zai. Mvua si imeshaanza, sasa ndio zile simu, fundi njoo trekta imegoma, staata, ile mota ya kuwashia enjini, imekufa. Na mimi naulizaga, nani kakwambia imekufa?

ZAI: Si amegeuza ufunguo haiwaki!

MUSA: Ehe, basi anaifungua, anaifunga kwenye boda, anakuja nayo mpaka kwangu, naiunganisha na betri inazunguka vizuri tu haina neno. Ugonjwa kauacha kwenye trekta. Halafu wengine wanaikimbiza Kisenyi, Kampala, wananunua nyingine, wanarudi, kitu ni kilekile.

ZAI: Banange. Ndio maana unakuta mtu anakula chakula cha mchana trekta inanguruma pembeni, anaogopa kuizima, na jioni lazima aipaki kwenye mteremko ili kesho iwake kwa kuteremka.

MUSA: Dizeli inaungua bure wewe unakula posho. Na tunaongelea mashine za zamani hapa, Massey Ferguson 135 za Uingereza zilianza 1964 zikaishia 1975, kitinda mimba wao ni mzee sasa, waya zake nyingi zimeshaguswa na kila fundi aliyepita.

ZAI: Sasa mtu afanyeje, trekta imegoma asubuhi, yuko peke yake.

MUSA: Awashe taa kubwa, ageuze ufunguo huku anaziangalia. Taa zikififia sana au zikizimika ukasikia tatatata, umeme hautoshi, angalia betri, teminali na waya nene. Taa zikibaki kali ukasikia ta! moja nzito halafu basi, hapo staata inaweza kuwa na kosa, kontakti za solenoidi, ile swichi kubwa ya staata, zimeungua, au kaboni zinazopeleka umeme ndani yake zimeisha. Taa kali na kimya kabisa, usiiguse staata, fuata ule waya mdogo unaoenda kwenye solenoidi, swichi ya ufunguo, na swichi ya nyutro, ile inayozuia staata kama gia imeingia.

ZAI: Hiyo ya nyutro mbona trekta nyingi wameshaiunga moja kwa moja, ati inasumbua?

MUSA: Hapo ndio nakasirika mimi. Kwenye 135 ile leva ya hai na lo, ya mwendo wa kasi na wa polepole, lazima iwe katikati ndio staata ikubali, na iko hivyo kwa sababu. Sasa mtu anaikwepa, au anasimama chini mbele ya tairi la nyuma anagusisha bisibisi kwenye solenoidi, kumbe iko kwenye gia, enjini ikishika tu trekta inaondoka na yeye yuko palepale chini. Watu wamekufa hivyo, Zai. Swichi ikiharibika weka nyingine.

ZAI: Sawa mzee, umesikika. Turudi kwenye umeme hautoshi, maana mtu atakwambia betri nimeichaji jana, na ukipima kweli iko volti 12.6.

MUSA: 12.6 ya kulala hiyo, haina kazi. Pima wakati staata inavuta. Vuta ile kamba ya kuzimia enjini isiwake, mwenzako akae juu kwenye kiti ageuze ufunguo sekunde chache, wewe mita ya volti iko kwenye betri. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ni mbovu au haijajaa. Ikibaki juu na staata bado inazunguka kwa uvivu, sasa tunawinda njiani. Mdomo mmoja wa mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, nguzo yenyewe, si kile kibano, mwingine kwenye boliti kubwa ya staata, geuza tena. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unaliwa. Kisha nguzo ya hasi na bodi ya staata, huko nataka 0.2 au 0.3, isizidi.

ZAI: Lakini nusu volti si kidogo tu fundi?

MUSA: Staata ya dizeli inavuta ampea mamia. Chukua 300, pitisha kwenye kutu yenye omu 0.01, kitu ambacho mita ya kawaida hata haikioni ukipima omu, umeshapoteza volti 3. Kwa 9 zilizobaki enjini ya baridi haizunguki.

ZAI: Na asiye na mita?

MUSA: Akishajaribu mara kadhaa ashike viungo kwa mkono, kilicho cha moto ndio mwizi. Juzi nimekuta moja imepakwa rangi mpya nyekundu, inang'aa kama ya harusi, na waya wa arthi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, umefungwa juu ya rangi! Tukakwangua mpaka chuma, msasa, tukafunga, ikawaka. Nyingine ukichuna ganda la waya ndani ni unga wa kijani. Kata, weka kebo ya kuchomelea vyuma, ile nene, si waya wa nyumba. Na kabla ya spana yoyote toa hasi ya betri.

ZAI: Kuna msikilizaji wa Kiryandongo anauliza, staata yake mezani inazunguka vizuri, akiirudisha inakwama.

MUSA: Mezani haina mzigo. Bushi zinazoshika mhimili zikiliwa, amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inalala inakwaruza ndani ikipewa kazi. Aifungue, akiona amecha imechubuka upande imeng'aa, ni bushi, na hizo si za bei kubwa.

ZAI: Na anasema siku nyingine inatoa mlio krrrr.

MUSA: Hayo ni meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la enjini ambalo staata inalizungusha. Enjini ya silinda tatu inapenda kusimama mahali pale pale patatu, kwa hiyo meno yanaliwa hapo hapo tu. Atoe gia, aizungushe enjini kidogo kwa mkono, akijaribu tena ikashika basi ni meno, na hapo aanze kutafuta pesa na vijana wenye nguvu, maana kubadilisha ringi yenye hayo meno lazima trekta ipasuliwe katikati.